Bati Lilivyoinyoosha Nyumba ya Kisondela

Nyumba ya familia katika kata ya Kisondela, wilayani Rungwe, leo ni ya pembe nne: matofali ya kuchoma, bati, sebule, vyumba, na jiko nyuma karibu na migomba. Waliozaliwa kabla ya Vita Kuu ya Pili walikulia ndani ya nyumba ya namna nyingine kabisa. Badiliko hilo huitwa maendeleo na mazungumzo yakaishia hapo. Naona tuanzie juu, kwenye paa, maana ndilo lililovuta mengine yote.

Nyumba hiyo ya mianzi, iwe ya mviringo au ndefu, ilikuwa kazi ya ufundi. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita nchi ya Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, mwaka 1879, aliandika kwa mshangao juu ya usafi na uzuri wa makazi yao. Mianzi ilisimikwa, udongo ukakandikwa, na wanawake wakausawazisha ukuta wa ndani na kuupamba kwa udongo wa rangi. Paa la nyasi lilikuwa na mwinuko mkali, likashuka chini kupita ukuta. Eneo la Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na nyasi zikilazwa bila mwinuko maji hutuama, zikaoza. Moto wa kupikia uliwaka humo humo. Moshi ulipenya taratibu kwenye nyasi, ukakausha mianzi na kuwazuia wadudu wanaoitoboa. Jiko, kwa maneno mengine, lilikuwa sehemu ya matunzo ya nyumba.

Nyumba hiyo haikukusudiwa kurithiwa. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti Rungwe kati ya 1934 na 1938, walikuta vijiji vya rika: wavulana wa miaka kama kumi waliondoka kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pamoja, na baadaye wakaoa na kuishi hapo hapo. Mwiko mkali uliomtenga mkwe mwanamke na baba mkwe wake ulifanya umbali huo uwe wa lazima. Kizazi kilipokabidhi madaraka kwa wana, ardhi nayo iligawanywa upya. Katika utaratibu kama huo, nyumba ya miaka michache iliyojengwa kwa mikono ya wenzako inatosha kabisa.

Kisha zikaja fedha. Vijana wa Rungwe walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na ile ya Afrika Kusini. Nyumbani mibuni iliongezeka. Mbuni hukaa shambani miongo kadhaa, na aliyeupanda hakubali kuuacha shamba likigawanywa. Mwaka 1958 mtafiti Philip Gulliver aliandika juu ya uhaba wa ardhi uliokuwa ukiwabana Wanyakyusa. Monica Wilson naye aliporudi mwaka 1955 alikuta vijiji vya rika vikififia. Mtoto wa kiume akabaki kwenye kiwanja cha baba yake.

Hapo ndipo bati lilipopata nafasi. Bati limenyooka, ukitaka kuezekea nyumba ya mviringo itabidi ulikate pembe tatu, na fedha nyingi iishie kwenye vipande. Kwa hiyo kenchi zikanyooka, na ukuta ukafuata kenchi. Bati halipitishi moshi, hivyo jiko likatolewa nje, na ng'ombe waliokuwa wakilala upande mmoja wa nyumba ndefu wakajengewa banda lao. Mianzi iliyokosa moshi ikaanza kuliwa na wadudu, na tofali likashika nafasi yake. Hilo la mwisho halisemwi mara nyingi, nami naliona ndilo kiungo chenyewe.

Fedha za kujengea nazo hazikupatikana kwa njia moja kila mahali. Marekani, mjenzi William Levitt alianza kitongoji cha Levittown mwaka 1947, na kufikia 1951 nyumba zaidi ya 17,000 zilikuwa zimesimama huko, nyingi zikinunuliwa kwa mikopo ya benki. Rungwe, benki ni kiangazi. Familia hufyatua tofali, huziacha zikauke chini ya nyasi, huzipanga kuwa tanuri, hulikandika udongo kwa nje, na kulichoma kwa kuni. Mwaka huu msingi wa mawe, mwaka ujao kuta, bati linafuata likipatikana. Ndiyo maana nyumba nyingi hukaa bila paa miaka kadhaa, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Vyumba vya nyumba hii vilitatua mwiko wa wakwe kwa shida tu. Milango yote hufunguka sebuleni, kwa hiyo mtoto aliyeoa hujengewa nyumba yake pembeni, kwenye kiwanja kile kile kinachozidi kupungua.

Lakini kuna jambo moja ambalo mafundi wameliacha, nami nalilalamikia waziwazi. Paa la nyasi lilitokeza mbali na ukuta. Leo, ili kuokoa bati moja, upenu hukatwa mfupi, na tofali lililojengwa kwa udongo hupigwa mvua ya Rungwe mwaka hadi mwaka hadi viungo vinalika. Anayepaua mwaka huu aongeze futi mbili kila upande kabla hajafikiria plasta.