Mugwe wa Wameru: Mwotaji au Mbariki?

Katika Kiswahili, mwotaji hana heshima kubwa. Aotaye mchana huambiwa ana ndoto za Alinacha, yule aliyejitajirisha kwa fikira hata akaipiga teke bidhaa yake ya vioo. Njozi nayo, ingawa ni ndoto yenye hadhi, sharti itimie ndipo mwenyewe asadikiwe. Kipimo ni kimoja: je, alichokiona kimekuwa? Kipimo hicho ndicho kilichoingia, pasipo kuchunguzwa, katika kitabu cha Bernardo Bernardi, padre wa shirika la Consolata, kuhusu Mugwe wa Wameru.

Kitabu hicho kilipotoka mwaka 1959 kiliitwa The Mugwe: A Failing Prophet, yaani nabii anayeshindwa. Kilipochapishwa upya Nairobi mwaka 1989, anwani iligeuka: nabii mwenye kubariki. Badiliko hilo si pambo. Anayeshindwa ni yule aliyeahidi. Anayebariki hakuahidi kitu. Anwani ya pili ni sahihi zaidi, lakini bado imelishikilia neno «nabii», na hapo ndipo penye kasoro.

Maana ushahidi wa Bernardi mwenyewe wampinga. Mugwe anayemweleza si mtu wa kuamka asubuhi na kusimulia aliyoyaona usingizini. Ni mtu wa kubariki. Kwa Waimenti, mkono wake wa kushoto hufichwa chini ya vazi, nao hushika kiragu, alama ya mamlaka yake. Mkono huo kazi yake ni baraka tu. (Rodney Needham aliuandikia makala mwaka 1960, akaujengea nadharia nzima ya vinyume, kwa werevu mwingi, pengine kupita kiasi.) Mkono usioonekana hauwezi kudaiwa matokeo kama ndoto inavyodaiwa.

Hekaya ya kutoka Mbwaa yathibitisha jambo hilo. Wameru wako chini ya Nguo Ntune, wenye nguo nyekundu, wanaopewa mafumbo yasiyowezekana. Watoe tunda lililotumbukizwa shimoni pasipo kuchimba: wanamimina maji, tunda linaelea. Wafanye kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Wafue mkuki ufikao mbinguni. Kiongozi wa hekaya hii hasubiri njozi. Anafumbua awezalo kufumbua, na lisilofumbulika analikimbia pamoja na watu wake.

Yafaa hapa kukumbuka mbinu ya H.S.K. Mwaniki kwa majirani zao Waembu. Katika Embu Historical Texts (1974) wazee wanasimulia wenyewe, na msomaji hupima istilahi zao kabla ya kuletewa za mtafiti. Kwa Bernardi, istilahi ya mtafiti imetangulia, tena jaladani.

Mfasiri wa Kiswahili atakayekishika kitabu hiki atakuwa na uamuzi mgumu. Akisema «nabii», wasomaji watauliza alitabiri nini. Akisema «mwaguzi», atamshusha hadi kwenye ramli. «Mwotaji» litamfanya Alinacha. «Mbariki» lakaribia, ijapokuwa halibebi ule mkono uliofichwa. Heri jina Mugwe libaki lilivyo, lielezwe mara moja kwa kirefu, kisha liachwe lifanye kazi yake kama «mganga» na «mwinyi» yalivyoachiwa katika lugha za kigeni.

Mafumbo yale yaliposhindikana, Wameru walitoka usiku. Waliovuka maji gizani wakaitwa Njiru, weusi. Wa alfajiri Ntune, wekundu. Wa mchana Njeru, weupe.