Sanamu Ingojayo Upepo

Tumezoea kuita sanamu kitu kilichotulia. Mti huchongwa, jiwe huchongwa, na fundi awekapo patasi chini, kazi imekwisha. Wasemaje basi, msomaji, juu ya sanamu ambayo kila saa huvaa umbo jipya asilolichagua fundi wake?

Alexander Calder wa Marekani (1898–1976) alifanya sanamu za namna hiyo. Kabla ya kuwa msanii alisomea uhandisi wa mitambo, akahitimu mwaka 1919. Baadhi ya sanamu zake za kwanza zenye mwendo ziliendeshwa kwa mota. Lakini mota hurudia mwendo ule ule, na mtazamaji akishaujua hana la kungojea. Kwa hiyo Calder akaelekea kuuachia upepo kazi ile.

Nilipowaonyesha wanafunzi wangu picha ya sanamu hizo, mmoja alisema, "Basi sifa ni ya upepo, si ya fundi." Nakiri kwamba sikuwa na jibu, maana mimi pia niliona mabati na nyaya tu.

Tazama kazi iitwayo Dema la Kamba-mawe na Mkia wa Samaki, ya mwaka 1939, iliyofanywa itundikwe penye ngazi za Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Upande mmoja lipo dema la waya, jepesi kama kizimba kitupu. Upande wa pili vipo vipande vyeusi vya bati, mfano wa mapezi. Havifanani hata kidogo, walakini vimepatana. Vimepatanaje?

Jaribu mwenyewe. Chukua ufito mwembamba, uufunge uzi katikati, uutundike. Weka gramu 200 mahali palipo sentimita 10 kutoka penye uzi. Upande wa pili gramu 100 zatosha, zikiwa umbali wa sentimita 20. Kisha ufunge ufito huo kwenye ncha ya ufito mwingine, nawe utalazimika kutafuta mizani upya. Kazi hii huanzia chini ikapanda juu, na kosa dogo huinamisha yote.

Hapo ndipo nilipopata jibu. Upepo haupati mchezo ila katika kitu kilichopimwa sawasawa. Bahati ilikaribishwa na mtu ambaye hakubahatisha. Sifa ya kwanza ni yake.

Hata hivyo sanaa hii ina udhaifu wake. Ndani ya jumba lisilo na upepo hupata pumzi kidogo tu, na picha ya kitabuni huinyima uhai, kwa kuwa hushika nukta moja na kuzipoteza nyingine zote. Kwa hiyo usiihukumu kwa picha, kama nilivyofanya mimi.

Wanafunzi wangu walitundika sanamu yao darasani, ya fito, nyuzi na vipande vya debe. Ilining'inia kimya. Kisha yule aliyeusifu upepo akafungua dirisha, na darasa zima likanyamaza kutazama.