Majengo Matatu Ambayo Hayapo

Kutembea tao kumekuwa fani siku hizi. Fungua TikTok Jumamosi asubuhi, utapata mtu ana chupa ya maji na raba nyeupe anakuonyesha njia ya kuzunguka Nairobi bila mtembezaji: anzia hapa, piga picha pale, malizia kwa kahawa. Sina shida na hiyo. Kutembea ni bure, na kwa sisi tunaolipwa kwa makala, tena miezi miwili baadaye, burudani ya bure haitupwi. Shida yangu ni jinsi njia yenyewe inavyosomwa. Mti unasifiwa kwa kivuli, sanamu inasifiwa kwa uzee, kisha tunaambiwa Nairobi ni mji wa kijani, kana kwamba hicho kijani kilijiotea tu.

Nimeifuata njia hiyo mara nyingi, peke yangu, kutoka Jeevanjee hadi Arboretum, na siku nikiwa na nauli nafika mpaka Karura. Nataka kuihakiki kama ambavyo ningehakiki riwaya: nani anasimulia, nani ameachwa nje, na ni nini kinachounganisha sura moja na nyingine. Hoja yangu ni moja. Vitu vya maana zaidi kwenye njia hii havionekani kwa macho. Ni majengo matatu ambayo hayakujengwa.

La kwanza halipo Jeevanjee. Bustani hii ilitolewa kwa umma na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyeleta vibarua wa kujenga reli na aliyeanzisha gazeti ambalo leo ni The Standard. Mwaka 1906 sanamu ya Malkia Victoria ilizinduliwa hapa. Mwaka 2015 ikavunjwa, kichwa kikang'olewa. Waelekezaji wengi wanaishia hapo: tajiri mkarimu, malkia asiye na kichwa, piga picha, twende.

Lakini mwaka 1991 palikuwa na mpango wa kugeuza bustani nzima kuwa maegesho ya magari ya ghorofa kadhaa. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, alisimama na wenzake wakapinga, na mpango ukafa. Kwa hivyo ukikaa pale saa saba mchana, mhubiri akipaza sauti upande mmoja, wazee wa Bunge la Mwananchi wakibishana siasa upande mwingine, na kijana amelala chali akisubiri simu ya kazi, jua umekaa mahali ambapo gari la mtu lingekuwa limeegeshwa. Zawadi ya 1906 ingekuwa imeisha zamani. Kilichoilinda ni ule ukaidi wa 1991, na huo ndio unaokosa kwenye video.

Toka Jeevanjee, shuka Muindi Mbingu Street. Hata jina la barabara linastahili kusimamiwa kidogo. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba walioandamana kutoka Ukambani hadi Nairobi kupinga serikali ya kikoloni kuwapunguzia mifugo kwa nguvu. Walipiga kambi hapa mjini wiki nzima nzima wakimngoja gavana. Serikali ikamkamata, ikampeleka Lamu. Leo jina lake linabeba City Market, maua na mathree. Kama kuna mtu aliyetembea Nairobi kwa sababu nzito, ni huyu.

Ukifika Kenyatta Avenue, pinda kushoto hatua chache uone Askari Monument ya mwaka 1928, watu watatu wa shaba. Kama kazi ya sanaa, ni nzuri kuliko tunavyokubali: miili imesimama kwa uzito, na ukiitazama kwa karibu utaona imepewa utu. Kama maandishi, inanikera. Maneno yake yanawaahidi waliokufa kwamba watoto wao watawakumbuka kwa majina, ilhali hakuna jina hata moja. Wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita hiyo na kufa kwa njaa na magonjwa wamekumbukwa vizuri zaidi na soko la Kariokor, ambalo jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi chao. Ulimi wa watu wa kawaida ulihifadhi kile ambacho shaba ilisahau.

Rudi nyuma, fuata barabara hadi Kipande House, jengo la mwaka 1913 ambalo sasa ni benki. Hapa Waafrika waliandikishwa na kupewa kipande, kile cheti kilichovaliwa shingoni ndani ya kikasha cha chuma, bila hicho huwezi kutembea mjini. Kila ninapopita hapa nafikiria kitu kimoja: hii safari yangu ya kujiburudisha, ya bila ruhusa ya mtu, ingekuwa kosa la jinai kwa babu yangu. Neno "bila mtembezaji" tunalitumia kirahisi sana.

Mbele zaidi, kwenye kona ya Uhuru Highway, ipo Nyayo House. Vijana wengi wa rika langu wanaijua kwa foleni ya pasipoti. Miaka ya 1980, kwenye vyumba vya chini ya jengo hilohilo, watu walioshukiwa kuipinga serikali waliteswa. Sasa angalia ng'ambo ya barabara. Hiyo ni Freedom Corner, pembe ya Uhuru Park. Kutoka nyumba ya mateso hadi kona ya uhuru ni kuvuka barabara moja tu. Hakuna mwandishi wa riwaya angethubutu kupanga mandhari namna hii. Mhariri angemwambia amezidisha.

Jengo la pili halipo hapa. Uhuru Park ilifunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1989 chama tawala, kupitia kampuni ya gazeti lake la Kenya Times, kilitaka kusimamisha ndani yake mnara wa ghorofa 60, pamoja na sanamu kubwa ya rais. Wangari Maathai akaandika barua. Akaandika nyingine. Wabunge wakamkejeli, wakawaita yeye na wenzake kundi la wanawake walioachika. Shirika lake likafukuzwa kwenye ofisi lilizokuwa likitumia. Lakini wafadhili wakaingiwa na baridi, na mnara haukuinuka.

Miaka mitatu baadaye, Februari 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa wakaja kukaa kwenye nyasi hizo na kugoma kula. Machi 3 polisi wakawavamia kwa virungu na gesi ya machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo, laana nzito kuliko silaha yoyote pale. Maathai akapigwa akazimia. Wakahamia All Saints Cathedral, ng'ambo tu ya barabara, wakakaa huko karibu mwaka mzima hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa. Sasa fanya hesabu rahisi. Kama mnara ungejengwa, hao mama wangekaa wapi?

Ndiyo maana sikubaliani na wasee wanaosema bustani ni mapambo ya mji. Uwanja wazi ni chombo. Ni mahali ambapo watu wasio na ofisi, wasio na gazeti, wasio na mjomba serikalini wanaweza kuonekana wakiwa wengi. Agosti 27, 2010, Katiba mpya ilitangazwa rasmi papa hapa Uhuru Park, na Kifungu cha 37 cha Katiba hiyo kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Haki hiyo haiwezi kutumika hewani. Inahitaji mahali pa kuweka miguu.

Sanamu bora ya njia yote iko hapa pia: ukumbusho wa waliopigana na kuteswa wakati wa Mau Mau, uliozinduliwa mwaka 2015. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, na kila mmoja amegeuza uso pembeni, ili hata akikamatwa na kuteswa asiweze kusema alimwona nani. Ni wazo dogo lenye akili kubwa. Serikali ya Uingereza ndiyo iliyolipia, jambo ambalo bado linanikaa vibaya kooni, lakini mchongaji alifanya kazi yake. Linganisha na Kimathi wa mwaka 2007 kule Kimathi Street, bunduki mkononi, kifua mbele. Kimathi anakuambia umwangalie shujaa. Hawa wawili wanakuonyesha jinsi watu wa kawaida walivyoishi na hofu na bado wakapeana chakula.

Kutoka hapo panda kuelekea State House Road hadi Arboretum. Unalipa getini, hela kidogo, lakini kwa aliyetoka Mathare na watoto watatu si kidogo. Ndani kuna utulivu wa kweli, tumbili wezi wa ndizi, wachumba, vikundi vya maombi. Miti mingi ina vibao vya majina ya kisayansi. Vibao hivyo havisemi kwamba Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, kwa sababu treni zilikuwa zinakula kuni na misitu ya asili ilikuwa inaisha. Huu msitu unaotuliza moyo ulianza kama maabara ya reli. Sisemi hivyo kukuharibia pikiniki. Nasema ukijua hilo, utautazama ule mkaratusi mrefu kwa jicho lingine.

Jengo la tatu halipo Karura, na huko ni nauli ya Limuru Road. Njiani kuna City Park, ambako Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, alizikwa mwaka 1990 karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi Februari 24, 1965. Shuka kama una muda. Hakuna kumbukumbu ya urafiki inayoizidi hiyo Nairobi.

Karura yenyewe ni zaidi ya hekta 1,000, na mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa wajenzi binafsi. Januari 1999 Maathai alikwenda kupanda mti, walinzi wakampasua kichwa, naye akasaini taarifa ya polisi kwa damu yake. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakaingia barabarani kwa ajili ya msitu. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, na sikumbuki somo lolote lililonieleza hilo. Nililijua kwa kutembea na kusoma mwenyewe.

Leo Karura ina ua na geti. Ua huo umefanya wanawake waweze kukimbia humo peke yao bila woga, na hilo si jambo la kudharau. Lakini ua una tabia ya kuchagua. Uhuru Park nayo ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati, na kwa muda mrefu katikati ya mji hapakuwa na uwanja huo wa kukaa. Juni 25, 2024, vijana wa rika letu walipoingia tao kwa maelfu, walijaza barabara hizihizi nilizozitaja, hadi Bunge, ambalo ni mwendo mfupi tu kutoka Uhuru Park. Baadhi yao hawakurudi nyumbani.

Kwa hiyo hukumu yangu kuhusu matembezi haya: ni kitabu kizuri chenye dibaji mbovu. Usianze na orodha ya sehemu za picha. Kila ukifika kwenye nyasi, uliza nini kingekuwa hapa, nani alikizuia, na alilipa nini. Kisha angalia geti, usome bei, uone nani amebaki nje. Jeevanjee bado hailipishwi. Anzia hapo.