Ufunguo wa Ukumbi wa Vijana

Si parokia moja wala mbili ambako vijana hukumbukwa panapokuwa na viti vya kupanga. Askofu anakuja kutoa Kipaimara, maturubai yanatakiwa kufungwa tangu Jumamosi jioni, na tangazo kwa chama cha vijana linasomwa mwishoni mwa Misa: VIWAWA wabaki. Wanabaki, wanafanya kazi, wanapewa soda na kushukuriwa. Bajeti ya parokia inapojadiliwa, mwenyekiti wao hukaa nyuma kabisa, na kikao humalizika bila yeye kuulizwa neno. Mlezi mzuri wa vijana huanzia hapo. Ufundi wake wote umo katika kumkabidhi kijana jambo lenye uzito mapema, kisha asimwache peke yake nalo.

Mfano wake ni wa zamani katika Kanisa la Afrika Mashariki. Mwaka 1882 wamisionari Wakatoliki waliondoka Buganda, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, upande wa Mwanza ya leo, na hawakurudi mpaka 1885. Muda huo wote waamini wapya, wengi wao vijana, walifundishana dini wenyewe kwa wenyewe. Kiongozi wao mmoja, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliuawa Novemba 1885, na Karoli Lwanga akachukua nafasi yake ya kuwalea wavulana waliohudumu ikulu ya kabaka, mfalme wa Buganda. Yeye mwenyewe alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Aliwafundisha, akawakinga dhidi ya matakwa machafu ya kabaka, na hukumu ya kifo ilipowakaribia mwezi Mei 1886 akawabatiza kwa mkono wake waliokuwa bado wakatekumeni, akiwamo Kizito, mvulana wa miaka 14 hivi. Tarehe 3 Juni alichomwa moto Namugongo. Hakuwa padre, wala hakuwa na ofisi.

Mbinu inayotumiwa na vyama vingi vya vijana leo ilitoka mbali zaidi. Joseph Cardijn, mtoto wa familia ya wafanyakazi nchini Ubelgiji, aliumia kuona wenzake wa utotoni walioingia viwandani wakilihesabu Kanisa kuwa si lao tena. Alipopangiwa parokia ya Laeken, Brussels, mwaka 1912, aliwakusanya vijana wa kazi na kuwapa maswali ya kwenda kuchunguza: mishahara, saa za kazi, hali ya karakana. Chama cha Vijana Wafanyakazi Wakristo kilipata baraka ya Papa Pius XI mwaka 1925. Hatua zake tatu, kuona, kuamua na kutenda, ziliingia katika waraka Mater et Magistra wa Papa Yohane XXIII mwaka 1961. Vijana Wakatoliki Wafanyakazi wa Tanzania, ndio VIWAWA, ni wa ukoo huo.

Hatua hizo zikifuatwa sawasawa, kikao cha baada ya Misa ya pili huwa na sura yake. Dereva wa bodaboda anaeleza kwamba siku ya mvua hesabu ya tajiri haitimii, naye hukesha barabarani kuitafuta. Mlezi hamkatizi. Anauliza: wangapi humu wako hivyo? Mkataba unasemaje? Injili ya leo inamwambia nini tajiri, na inamwambia nini dereva? Kabla ya sala ya kufunga, watatu wametumwa kijiweni kuulizia mikataba, na katibu ameyaandika majina yao kwenye kaunta buku. Jumapili ijayo wataulizwa. Mlezi huenda alikuwa na jibu tangu mwanzo. Kulinyamazia ndiyo sehemu ngumu ya kazi.

Magumu mengine hayaishi. Wengi hupotea wakishapata Kipaimara. Mtunza hazina aliyefundishwa kwa miaka miwili anapata kibarua mkoa mwingine na kuondoka wiki hiyohiyo. Paroko aliyewaelewa anahamishwa. Mlezi mwenyewe mara nyingi halipwi, na nauli inatoka mfukoni mwake. Wazazi wanataka kujua kwa nini binti amechelewa kwaya, na wana haki, kwa hiyo mlezi mwenye busara hupanga saa zinazojulikana na hakai faraghani na mtoto wa mtu.

Halafu kuna ufunguo wa ukumbi. Ukiwa mikononi mwa vijana, wazee huuliza nani atalipa kipaza sauti kikiharibika. Wakati mwingine kinaharibika kweli. Mlezi huenda kujieleza mbele ya halmashauri ya walei, kisha huwarudishia vijana walewale ufunguo, pamoja na daftari la michango ya kununua kingine.

Malipo ya kazi hii yalionekana Goma, nchini Kongo. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Jumuiya ya Sant'Egidio, ambayo ilimpa watoto wa kufundisha: maibobo, watoto wa mitaani wa mji huo, katika Shule ya Amani. Alipoajiriwa kukagua bidhaa zinazovuka mpaka, alikataa kupitisha shehena ya mchele ulioharibika, akakataa na fedha alizopewa ili anyamaze. Alijua mchele ule ungeliwa na nani. Alitekwa Julai 2007 na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 2 Februari 2023 Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana waliojaa Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa, na tarehe 15 Juni 2025 Floribert alitangazwa mwenye heri mjini Roma.

Hakuna semina ya mwisho wa wiki inayomfikisha kijana hapo. Floribert alikuwa ameshazoea kuwajibika kwa watoto wenye njaa kabla hajaketi kwenye meza ya ukaguzi, na aliposhawishiwa na bahasha, nyuso alizozifikiria zilikuwa na majina. Walezi wake hawakuwapo siku ile. Kazi yao walikuwa wameshaifanya, miaka kadhaa nyuma, siku walipomwonyesha darasa na kumwambia aanze.