Vuli na Majani Mekundu: Uhakiki wa Istilahi za Rangi katika Kazi ya Udongo wa Polima

Makala haya yanahusu mswada mmoja wa kurasa chache uliofikishwa mezani petu ili lugha yake itazamwe kabla ya kupigwa chapa. Ni mwongozo wa kazi za mikono uliofasiriwa kutoka Kiingereza, nao unamfundisha msomaji kutazama picha za mimea, wanyama na mandhari, kuchagua ndani yake rangi tano au sita, kisha kuzipata rangi hizo kwa kukanda pamoja vipande vya udongo wa polima. Kutokana na donge hilo hufanywa shanga, vipuli, vifungo vya nguo na vikorokoro vingine vya kupendeza. Hatulitaji jina la mfasiri wala la mchapishaji, kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha si yao peke yao; ni ya wengi wetu tushughulikao na tafsiri, na baadhi yake yamo hata katika orodha za maneno zilizokwisha kutumiwa shuleni.

Yafaa kwanza tuseme udongo huo ni kitu gani. Si udongo wa kuchimbwa mtoni. Ni plastiki ya kloridi ya polivinili iliyosagwa laini na kuchanganywa na kilainishi na rangi, ikawa kitu kinachokandika mkononi kama unga wa ngano. Hauna maji ndani yake, kwa hiyo ukianikwa juani haukauki kama chungu; hugeuka mgumu kwa kutiwa katika tanuri la jikoni lenye joto la nyuzi 110 hadi 130 hivi, kwa kadiri mtengenezaji anavyoagiza. Ulaya ulianza kuuzwa kwa wingi katika miaka ya 1960 kwa jina la FIMO, na Marekani kwa jina la Sculpey. Neno "udongo" lenyewe hatuna ugomvi nalo. Lugha huruhusiwa kukopesha jina la kitu cha zamani kwa kitu kipya kinachofanana nacho kwa matumizi, na mwenye kufinyanga plastiki naye anafinyanga.

Ugomvi wetu unaanzia kwenye kitenzi. Mswada unasema, katika kila zoezi, "choma udongo wako kwa nusu saa". Kwa Mswahili, mfinyanzi huchoma vyungu, na vyungu huchomwa kwa kuni, majani makavu na makumbi ya nazi, moto ukiwaka wazi mpaka chungu kiwe chekundu. Msomaji anayejua ufinyanzi wa kwao, akiambiwa achome, atachoma. Plastiki hii ikipita joto lake hubabuka, hugeuka nyeusi na kutoa mvuke wa kloridi ya hidrojeni, unaowasha macho na koo na usiofaa kabisa kuvutwa na mtoto. Neno linalohitajika lipo, tena halina kasoro: kuoka. Mkate huokwa, haubanikwi wala hauchomwi. Hapa mfasiri hakukosa neno la kigeni la kutohoa; alikuwa na neno la jikoni kwake akaliacha. Hili peke yake lingetosha kuurudisha mswada.

Tuje sasa kwenye rangi. Sura ya pili ina picha ya msitu wa nchi za baridi mwezi wa Oktoba, majani yake yakiwa ya rangi ya chungwa, ya damu na ya dhahabu, na chini yake imeandikwa "Rangi za Vuli". Nilimwonyesha ukurasa huo, picha ikiwa imefunikwa, bibi mmoja msusi wa mikeka ambaye amekuwa akitia rangi miyaa tangu utoto wake, nikamwuliza angechukua rangi gani kwa kichwa hicho cha habari. Alijibu pasipo kusita, "Kijani, mwanangu. Kijani kibichi cha jani changa. Vuli si ndiyo mvua?" Nilipoifunua picha alicheka akasema kwamba huo ni ukame.

Bibi yule alikuwa sahihi. Vuli ni mvua za mwisho wa mwaka, baina ya Oktoba na Desemba, ambapo nchi iliyokuwa imekauka huanza kuchipua. Kulitwaa neno hilo na kulivika msimu wa Ulaya wa majani kupukutika ni kulipindua maana: jina la uhai linapewa picha ya jani linalokufa. Najua kwamba wafasiri wengi wamefanya hivyo, na kwamba kuna vitabu vya jiografia vinavyolitumia neno hili kwa msimu wa Ulaya kwa sababu miezi inakaribiana. Katika jiografia labda hasara yake ni ndogo, maana msomaji huambiwa papo hapo hali ya hewa ikoje. Katika mwongozo wa rangi, neno hilo ndilo maelekezo yenyewe. Anayelifuata atakanda donge la kijani.

Dawa yake si lazima iwe maelezo marefu ya "majira ya kupukutika majani", ijapokuwa hayo ni sahihi. Majani mekundu tunayo. Mkungu uliopandwa kando ya barabara nyingi za mwambao, ule wenye matawi yaliyotandaa kama sinia juu ya sinia, hugeuza majani yake manjano, kisha mekundu ya damu ya mzee, kabla ya kuyaangusha. Mtoto wa Dar es Salaam au Mombasa ameyakanyaga majani hayo akienda shule. Kama mchapishaji angepiga picha ya jani moja la mkungu lililoanguka, angepata rangi zote za ule msitu wa ng'ambo na zaidi, tena kila moja ikiwa na jina analolijua msomaji. Na huko kwenye miombo ya bara, pande za Tabora, kuna ajabu nyingine ambayo mfasiri angeipenda: miti hutoa majani mapya yenye wekundu wa shaba kabla mvua hazijaanza, yakageuka kijani baadaye. Huko wekundu wa jani ni dalili ya utoto wake, si ya uzee.

Jambo hili linatupeleka kwenye asili ya majina yetu ya rangi kwa jumla. Ni rangi tatu tu zenye mashina yanayokubali viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine karibu zote ni majina ya vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, manjano ni bizari, samawati ni mbingu, zambarau ni tunda lile linalotia ulimi madoa. Hudhurungi lilikuwa jina la kitambaa cha kushonea kanzu kabla halijawa rangi. Wakati Berlin na Kay walipotoa kitabu chao juu ya majina ya msingi ya rangi mwaka 1969, Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha ishirini walizozipima kwa kadi za rangi, na tangu hapo wapo waliosoma matokeo ya namna hiyo kana kwamba lugha yenye mashina machache ni lugha yenye macho machache. Sioni hivyo. Muundo wa "rangi ya" ni mlango ulio wazi: chochote kionekanacho chaweza kupita. Patrick Syme wa Edinburgh, alipochapisha mwaka 1814 orodha ya rangi iliyojengwa juu ya kazi ya Werner, mtaalamu wa madini wa Ujerumani, alifanya jambo hilo hilo kwa makusudi. Karibu na rangi aliweka mfano wa mnyama, wa mmea na wa jiwe, na Darwin alikichukua kitabu hicho melini kimsaidie kuandika rangi za viumbe alivyoviona. Kilichokuwa elimu kwa Syme hakiwezi kuwa upungufu kwa msusi wa mikeka.

Hata hivyo mlango huo una sharti lake, nalo ni kwamba mwandishi na msomaji wawe wanakiona kitu kimoja. Mswada unaandika "rangi ya chungwa" mara nyingi. Chungwa lipi? Machungwa ya Muheza yanaweza kuiva, yakawa matamu, na ganda lake likabaki kijani, kwa sababu usiku wa huko hauna baridi ya kutosha kuliondoa rangi hiyo. Nadhani jina hili limekwisha kuzoeleka mno kung'olewa, wala sipendekezi ling'olewe. Ila mwongozo wenye picha ya shamba la michungwa ya Tanga hauwezi kuandika chini yake "changanya rangi ya chungwa" bila ya kusema kama ni ganda au ni nyama ya ndani. Kahawia nayo ni hivyo hivyo: buni mbivu mtini ni nyekundu, na weusi unaokaribia kahawia huja baada ya kukaangwa. Karafuu ndiyo iliyofasiriwa vibaya kuliko yote. Picha inaonyesha kishada kibichi mtini, chenye kijani kinachoanza kuingia wekundu, na maelezo yanasema "rangi ya karafuu", ambayo kwa mtu wa Pemba ni ile ya mkekani, iliyokwisha kukauka.

Sasa kosa ambalo msomaji hawezi kuligundua mpaka vidole vyake vichafuke. Maandishi ya asili yanatofautisha rangi mbili ambazo mfasiri ameziita zote "nyekundu": moja ni nyekundu ya kawaida, yenye umanjano ndani yake kama pilipili, na nyingine ni ile wapigachapa waiitayo majenta, isiyo na umanjano. Kadhalika "buluu" imesimama mahali pa rangi mbili, buluu na siani. Katika maandishi ya hadithi kosa la namna hii lingepita. Katika kukanda haliwezi kupita. Zoezi la sita linataka zambarau ya ua, nalo linasema "nyekundu sehemu moja, buluu sehemu moja". Ukichukua nyekundu ya pilipili, umanjano uliomo ndani yake hupambana na buluu, na donge linalotoka ni la tope, karibu na hudhurungi. Ukichukua majenta, zambarau hutoka safi. Msomaji hatajua kwamba kosa ni la neno; atadhani mikono yake haina ufundi, au ataulaumu udongo.

Kwa hiyo tunapendekeza majenta na siani yatumike kama yalivyotoholewa. Wapo watakaosema tunakaribisha maneno ya kigeni huku tukihubiri mkungu. Jibu letu ni kwamba rangi hizi mbili hazikutoka katika jani wala tunda. Zimetoka kiwandani, na picha yoyote iliyochapwa kwenye karatasi imeundwa kwa wino wa siani, majenta, manjano na nyeusi. Mwenye kuiga picha ya ua anaiga wino. Kuziita "nyekundu ya waridi" na "buluu ya anga" ni kuzipaka uasilia wasiokuwa nao, tena waridi kwetu limekwisha kuwa jina la rangi nyingine iliyofifia zaidi.

Juu ya vipimo vya rangi tutasema kwa ufupi. Tangu Munsell wa Marekani mwaka 1905, mafundi hupima rangi kwa njia tatu: ni ya ukoo gani, ina weupe au weusi kiasi gani, na imekolea kiasi gani. Mswada unaziita hali hizi zote "vivuli vya rangi", tafsiri ya neno kwa neno. Kivuli ni cha mti. Aidha unasema "rangi nyepesi" kwa ile iliyotiwa nyeupe, na mpaka rangi wa nyumba atakuambia kwamba rangi nyepesi ni iliyozidi maji. Msusi wa mikeka hasemi hivyo. Husema rangi imekolea, imekoza, imefifia, imepauka. Kwa kutuliza ukali wa rangi pasipo kuifanya nyeupe, kama pale kidonge cha kijani kinapotiwa katika nyekundu ili isipige kelele, tunapendekeza kuzimua, kitenzi cha kupunguza ukali wa kinywaji au dawa. Kwa kipimo cha tatu tulitaka ukolezi, lakini wanakemia wamekwisha kulichukua; basi na iwe ukolevu.

Kitenzi "koroga" kifutwe kila kilipo. Uji hukorogwa, hiki hukandwa. Na ile njia ya kuweka pembetatu mbili za rangi mbalimbali ubavu kwa ubavu, kuzikunja na kuzipitisha katika mashine ya tambi mara nyingi kwa upande ule ule hadi rangi moja iingie katika nyingine polepole, ambayo mafundi huiita kwa jina la Judith Skinner, isiitwe "mchanganyiko", kwa kuwa kusudi lake ni rangi zisichanganyike zikawa moja. Tumeandika "mpito wa Skinner".

Mswada umerudishwa kwa mfasiri pamoja na masahihisho haya, naye ameyakubali isipokuwa moja. Ukurasa wa mwisho una picha ya bahari ya maji madogo, mchanga mweupe ukionekana chini, na yeye ameandika "buluu ya kitropiki". Sisi tulishauri feruzi, jina la kito chenye rangi hiyo, ambalo limo katika kamusi. Amejibu kwamba wavuvi wanaoyaona maji hayo kila asubuhi hawajapata kukiona kito hicho. Hoja yake ina nguvu kuliko neno lake. Wasomaji wa mwambao na visiwani wenye jina wanalolitumia wenyewe kwa maji ya aina hiyo wanaombwa kutuletea kabla ya kikao kijacho.