Moyo Mdogo, Maelezo Mengi

Kisa cha Grinch, kiumbe wa mlimani aliyewaibia watu wa Whoville sikukuu yao, kilizaliwa kikiwa ushairi. Theodor Seuss Geisel, aliyejulikana kwa jina la Dr. Seuss, alikichapisha mwaka 1957 kwa mishororo ya mapigo manne, kila pigo likitanguliwa na silabi mbili nyepesi. Arudhi ya Kiingereza hufuata mkazo wa sauti, si hesabu ya silabi kama mizani ya Kiswahili. Hata hivyo, sikio lililolelewa na vina halitapotea humo.

Mwaka 1966 Chuck Jones alikigeuza kisa hicho kuwa katuni ya televisheni isiyofika nusu saa, na Boris Karloff akakisimulia. Beti zilibakia kuwa mhimili wake. Filamu ya katuni ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Yarrow Cheney na Scott Mosier, inakaribia saa moja na nusu. Msimulizi wake, Pharrell Williams, huleta vina hapa na pale, kisha wahusika wakianza kuzungumza, ushairi hunyamaza. Ni kama utenzi unaokatizwa kila baada ya beti mbili ili watu wapige soga.

Hasara kubwa zaidi imo katika maana. Kitabu kinakiri kwamba sababu ya chuki ya Grinch haijulikani; kinabahatisha tu, na dhana yake nzito ni kuwa moyo wake ni mdogo mno. Filamu haikustahimili fumbo hilo. Inatuambia kwamba Grinch alikuwa yatima, akazipitisha Krismasi za utoto wake katika upweke. Huruma yetu inaongezeka, lakini mizani ya hatia inabadilika: mwizi anakuwa mdai, na mji ulioibiwa unakuwa mdaiwa aliyesahau kumwalika.

Katika kitabu, walioporwa kila kitu wanaimba, na wimbo wao peke yake unaugeuza moyo wa mwizi. Hiyo ndiyo hoja ya mshairi: kwamba sauti za watu walioshikana mikono zina nguvu kuliko mahubiri. Filamu nayo ina wimbo huo, ila unamkuta mtazamaji ameshapewa tafsiri, naye Grinch baadaye anaomba radhi na kueleza kwa maneno kwamba alichokichukia ni upweke. Grinch wa kitabuni haelezi lolote. Anarudisha vitu, anakaa karamuni, anawakatia wenzake nyama. Kisu kimesema yote.

Haki itendeke, hata hivyo. Nyongeza moja imestahiki nafasi yake. Cindy-Lou, ambaye kitabuni ni kitoto kidogo kinachodanganywa usiku, hapa ni msichana anayetaka kumnasa Baba Krismasi, si kwa ajili ya vinyago, bali amwombee msaada mama yake, anayefanya kazi usiku na kulea watoto watatu peke yake. Ombi hilo limechipua katika shina la hadithi yenyewe, kwa kuwa linatafuta zawadi isiyouzwa dukani.

Mtoto na aitazame filamu hii, acheke. Lakini kwanza asomewe kitabu, kwa sauti, bila kukatizwa. Na akiuliza kwa nini Grinch alichukia, aachiwe swali lake alale nalo.