Pupe zisizosema

Siku moja niliingia na mjukuu wangu katika makumbusho moja ndogo. Chumba ni kimoja, vitrini ni chache, na ndani yake sanamu fupi fupi zimepangwa mstari, nyingine za mti, nyingine za pembe ya tembo. Mtoto akaangalia, akaniuliza: «Koko, hizi ni bapupe?» Nilicheka, lakini moyoni niliumia. Juu ya nini? Kwa sababu karatasi iliyobandikwa pale haikumsaidia kitu. Iliandika tu: «Sanamu, Warega, pembe». Basi, imeisha.

Tuseme kweli, wale wenye kutunza vitu hivi wanastahili shukrani. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikataza Bwami, kile chama cha wenye hekima cha Warega, na sanamu nyingi zilihama kwetu, zikafika Ulaya na Marekani. Sanamu iliyobaki hapa nchini ni neema. Lakini kutunza mwili wa kitu bila kutunza maneno yake, je, ni kutunza?

Huko Mwenga, Shabunda na Pangi, sanamu ya pembe inayoitwa iginga haikuwa kitu cha kuchezea watoto. Haikuwa vile vile sanamu ya kuabudu, kama wageni wengi walivyodhani. Ilikuwa mali ya Kindi, yaani mtu wa daraja la juu kabisa katika Bwami. Ilitolewa katika mfuko siku ya mafundisho, wazee wakicheza, methali ikiimbwa. Sanamu moja iliweza kubeba methali nyingi, na methali moja iliweza kubebwa na sanamu mbalimbali. Daniel Biebuyck, aliyeishi kati ya Warega miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake kikubwa mwaka 1973, alilionyesha jambo hilo wazi: ukitenga sanamu na methali, hujui tena unaangalia nini.

Mfano ni Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi. Ndani ya vitrini anafanana na zimwi la hadithi za jioni, na mtoto anaweza kumwogopa. Kumbe ni mzee mwenye busara, anayeona pande zote za jambo kabla ya kukata neno. Mwingine ni Wayinda, mwanamke mwenye mimba. Mgeni atasema ni picha ya uzazi. Kumbe anakanya uzinzi, unaoharibu nyumba na mtoto aliye tumboni. Ona sasa: bila maneno, fundisho linageuka kinyume!

Warega wana neno busoga: ni uzuri na wema pamoja. Pembe ilipakwa mafuta ikang'aa, sawa mwili wa mwenye kucheza. Vitrini inatuonyesha uzuri, wema inauacha inje. Hilo njo kosa langu kwa makumbusho ya namna hii, ya kwetu na ya Ulaya pia.

Wengine watanijibu: mambo ya Bwami yalikuwa ya siri, hayafai kuandikwa ukutani. Wana haki kwa sehemu. Vitu vingine vilionwa na wenye kuingizwa peke yao. Basi tuulize wazee wenyewe lipi lisemwe na lipi linyamazwe. Lakini tuulize upesi, maana mzee akifa, sanamu inabaki, methali inaenda naye. Methali moja kwa Kirega na tafsiri yake kwa Kiswahili, chini ya kila sanamu, haidai franka nyingi. Mzee mmoja akialikwa kuzungumza na wanafunzi, hapo sanamu itafundisha tena.

Mimi nilimweleza mjukuu habari za Sakimatwematwe palepale, mbele ya kioo. Tulipofika nyumbani aligombana na dada yake. Mama yao akataka kumpiga. Akalia: «Mama, angalia kwanza na upande ingine!» Hiyo njo kazi ya sanamu.